Kwa Nini Twampenda Shujaa Mwenye Nguvu?

Watu wengi wasomao hadithi, wakubwa kwa wadogo, hupenda zaidi ile yenye mtu wa nguvu ndani yake: mtu asiyetikisika, asemaye neno moja likatiiwa, avunjaye minyororo na kuwashinda kumi peke yake. Kitabu kisomwapo barazani jioni, ni wakati gani mazungumzo hukatika na watoto wakasogea karibu na taa? Ni pale shujaa asimamapo mbele ya adui zake. Walakini mtu wa namna hiyo kama angehamia kijijini kwetu, akajenga nyumba karibu na zetu, je, tungelala usingizi? Tungekubali amwoe binti yetu? Hapo ndipo penye swali tutakalo kulifikiri mwezi huu. Kwa nini twampenda kitabuni mtu ambaye nje ya kitabu tungemwogopa? Tena, kumpenda hivyo ni kwema au ni kubaya?

Na tutwae mfano wa Fumo Liyongo, shujaa wa pwani ya kaskazini, upande wa Pate. Yasimuliwa kwamba alikuwa mtu mkubwa wa mwili, hodari wa upinde na bingwa wa mashairi. Alipofungwa gerezani, mama yake alimpelekea tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa. Walinzi walikula vyakula vizuri, wakauacha ule mkate duni. Na ngoma ilipovuma nje, yeye akaikata minyororo yake akatoka. Mwisho aliuawa na mwanawe mwenyewe, aliyedanganywa kwa ahadi kubwa, akamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba. Hata hivyo aliondoka na upinde wake, akapiga goti karibu na kisima, mshale tayari, akafa vivyo hivyo. Na watu kwa siku kadhaa waliogopa kukikaribia kile kisima, wasijue ya kuwa amekwisha kufa.

Twapendezwa na nini katika habari hii? Kwanza, sisi sote ni wanyonge mbele ya kitu fulani. Huyu aliogopa deni, huyu ugonjwa, huyu mvua isiyonyesha, huyu bwana wake wa kazi. Mchana kutwa twainamisha kichwa, twasema ndiyo pale tulipotaka kusema hapana. Jioni twafungua kitabu, na shujaa hutuazima kifua chake kwa saa moja. Minyororo yake ikikatika, twasikia kana kwamba na yetu imelegea.

Pili, shujaa ajua atakalo. Sisi twasitasita, twauliza shauri kwa huyu na kwa yule, na kesho twajuta. Yeye huamua, kisha hutenda. Mtu aliyechoka kwa mashaka hupumzika akimtazama mwingine asiye na mashaka.

Tatu, kipigo chake hakitufikii. Mkuki wa kitabuni haumwagi damu yetu, nasi twaweza kutazama ukali kama mtu atazamavyo moto wa msituni akiwa ng'ambo ya mto.

Nne, na hili twaliona kuwa kubwa kuliko yote, shujaa mwema wa hadithi ana mahali pa kuumizwa. Liyongo kama asingalikuwa na kitovu, tungalichoka naye upesi. Jiwe nalo lina nguvu, wala hakuna alipendaye jiwe. Twampenda kwa sababu yule aliyewashinda askari hakuweza kutoka gerezani pasipo mama yake, wala pasipo yule mjakazi aliyemchukulia chakula. Tena hakuangushwa na adui, bali na mtoto aliyemlea. Kadhalika Samsoni: tungalimkumbuka kidogo kama hadithi yake ingalikuwa ya simba na malango ya mji tu. Twampenda mwenye nguvu pale tunapoona ya kwamba naye ni mtu.

Lakini tusijidanganye. Habari za Liyongo zimeandikwa kwa namna zaidi ya moja. Katika masimulizi aliyoyapiga chapa Edward Steere mwaka 1870, Liyongo mwenyewe aliwaudhi watu wa mji hata wakafanya shauri la kumfunga. Katika utenzi alioutunga Muhammad bin Abubakar Kijumwa mwaka 1913, kosa ni la mfalme aliyemwonea wivu na kuuogopa uwezo wake. Wengi wetu twaikumbuka habari hii ya pili, na ile ya kwanza twaiacha ipotee. Basi tazameni jinsi mioyo yetu ifanyavyo: tukiisha kumpenda mwenye nguvu, twamsafisha. Makosa yake twayatupa kando, kisha twasema kwamba hakuwa nayo.

Mwandishi mmoja Mwafrika aliujua vema udhaifu wetu huu. Thomas Mofolo wa Lesotho aliandika kwa Kisotho kitabu kiitwacho Chaka, kikapigwa chapa katika misheni ya Morija mwaka 1925. Chaka wa kitabu hicho huanza kuwa mtoto aliyeonewa, anayepigwa na wenzake na kukataliwa na baba yake. Msomaji humhurumia. Akipata nguvu na kuwalipa waliomtesa, msomaji hufurahi, husema moyoni, Na wapigwe! Kisha hupiga tena, na tena, na sababu zake huzidi kupungua. Humwua mchumba wake Noliwa ili apate ukuu. Mwisho humwua mama yake mzazi. Hapo msomaji hushtuka, ajiulize, Ni wapi nilipopaswa kuacha kumshangilia? Wala hapaoni kwa urahisi, kwa kuwa kila hatua ilikuwa ndogo, na ya kwanza ilionekana kuwa ya haki.

Wako wasemao, Basi vitabu vya namna hii na viondolewe mikononi mwa vijana. Sisi hatukubali. Kijana asiyepewa ila hadithi za watoto watiifu atasinzia, kisha atamtafuta shujaa wake mahali pengine pasipo mwalimu. Ni afadhali akutane na Chaka kitabuni, pamoja nasi, kuliko akutane naye njiani asimtambue.

Hatari ni nyingine: ni kuichukua sheria ya kitabu na kuiingiza nyumbani. Katika hadithi, watu wote wamewekwa kwa ajili ya shujaa. Wao ni wadogo ili yeye aonekane mkubwa. Lakini mke wa mtu, na mtoto wake, na kibarua wake, hawakuumbwa wawe pambo la ukuu wake. Mume apigaye meza hata nyumba nzima ikanyamaza hudhani ameheshimiwa, kumbe ni ukimya wa hofu. Na siku atakapoanguka hatasikia sauti ya kumwita. Vivyo hivyo mtu asomaye habari za mtawala mkali akasema, Laiti tungekuwa na kiongozi kama huyu! Alipokuwa akisoma alijihesabu kuwa rafiki wa shujaa. Nani alimwambia ya kuwa mkuki ungeelekea kwa jirani tu? Wapiganapo tembo, nyasi ndizo ziumiazo, na wengi wetu ni nyasi.

Kwa hiyo twaona ya kuwa kumpenda shujaa mwenye nguvu si dhambi wala si upuuzi. Ni njaa, nayo njaa ni jambo la haki. Lakini mwenye njaa na atazame alacho. Amwulize shujaa wake maneno haya: Nguvu zako zamfunika nani? Na ni kitu gani kiwezacho kukuzuia? Liyongo alizuiwa na upendo. Yasimuliwa kuwa alitambua hila ya mwanawe, asimdhuru. Chaka hakuzuiwa na neno lo lote, na kwa sababu hiyo hakuna nguvu aliyoipata iliyomtosha.

Hata habari za Liyongo zina jambo ambalo wasomaji hulipita upesi. Twamstaajabia alivyokufa amepiga goti na upinde mkononi, na maiti yake ikautisha mji mzima. Lakini pale palikuwa kisimani. Siku zile watu walikwenda na mitungi, wakarudi nayo mitupu, na nyumbani watoto walilia kiu. Majina ya watoto hao hakuna ayajuaye. Basi, enyi wazazi na walimu, mkiisha kuwasomea vijana habari za shujaa, waacheni washangilie kwanza, maana ni haki yao. Kisha msiwaulize, Nani alishinda? Waulizeni, Nani alikosa maji?