Saa za kusaidia wengine: zihesabiwe ao zifichwe?



Siku hizi vijana wa Kampemba wanatujia na karatasi mkononi. Wanasema: "Baba Shemasi, tunaomba utuandikie kwamba tumejitolea saa mia moja." Karatasi hiyo inawekwa katika dosie ya kuomba bursi ao ya kuingia universite ya ng'ambo. Wazazi wengine wanafurahi. Wengine wanakasirika na kuuliza: "Tangu lini wema unapimwa kwa saa?" Tumeona inafaa tulifikiri neno hili pamoja.

Kwanza tulijue jambo lenyewe. Hapa kwetu mlango wa universite unafunguliwa na diploma ya Serikali. Tangu mwaka wa 1967 kuna mtihani wa nchi nzima, ule watoto wanaita Exétat, na kinachotazamwa ni asilimia. Hakuna anayeuliza kama mtoto alimchotea mjane maji. Marekani ni vingine. Huko kuna fomu inayoitwa Common Application, ambayo universite nyingi zinaipokea. Inampa mwanafunzi nafasi ya kuandika shughuli kumi, na kwa kila moja aseme ni saa ngapi kwa juma na majuma mangapi kwa mwaka. Na katika jimbo la Maryland, tangu miaka ya 1990, sheria inadai saa 75 za kutumikia wengine ili mtoto apate diploma ya sekondari.

Afrika nayo inajua mambo haya. Mwezi wa 11, mwaka wa 1974, chama cha TANU cha Tanzania kilikutana Musoma. Kilikata neno kwamba mwanafunzi asitoke sekondari na kuingia universite moja kwa moja. Kwanza afanye kazi, kisha alete barua ya sifa kutoka kazini na kutoka kwa chama. Nia ilikuwa njema: msomi asiwadharau wakulima waliomlipia masomo. Lakini hesabu ya wasichana katika universite ilishuka, hata baada ya miaka michache wasichana wakaondolewa katika sharti hilo. Mzigo ni uleule, lakini mabega si yaleyale.

Na wazee wetu hawajasahau Salongo ya wakati wa Mobutu. Kusafisha mifereji na kulima ni kazi nzuri. Lakini mtu alikwenda kwa kuogopa, na kazi ya woga inakwisha siku woga unapokwisha.

Sisi watu wa Lubumbashi tunaita Jumamosi siku ya posho, kwa sababu zamani wafanyakazi wa kampani waligawiwa chakula chao siku hiyo. Posho ni haki ya mtu aliyefanya kazi. Basi swali letu ni hili: msaada ukipewa posho, je, ni msaada bado?

Wengine wanajibu haraka kwamba hapana, na wanatuonyesha Mathayo sura ya 6, pale Bwana anapotufundisha kutoa sadaka kwa siri. Lakini tusome vizuri. Katika mafundisho hayohayo, sura moja mbele, anataka matendo yetu mema yaonekane. Hakukataza kuonekana. Alikataza kutenda ili tuonekane. Tena, mgonjwa aliyeoshwa haulizi aliyemwosha ana nia gani; anajua tu kwamba leo yuko safi. Muuguzi anapokea mshahara, na wengi wao wana upendo kuwapita wale wanaojitolea bure. Kwa hiyo kuhesabu saa si dhambi.

Ubaya unaingia kwa milango mitatu. Wa kwanza ni uongo: saa kumi zinaandikwa mia. Wa pili ni kuchagua kazi kwa kutazama picha yake: kijana anakwenda kwa yatima na simu ya kupiga foto, lakini mzee wa jirani, asiye na foto nzuri, anabaki na kiu. Wa tatu ni kuondoka siku saa zinapotimia. Mtoto uliyeanza kumfundisha kusoma hajui kwamba dosie yako imejaa. Yeye anaona tu kwamba umemwacha.

Lakini kuna neno moja linalotuumiza zaidi. Tuwaze vijana wawili. Mmoja wa Bel-Air, baba yake ana gari; ana siku zake za posho bure, anaweza kukusanya saa mia. Mwingine wa Bongonga, msichana, mkubwa wa watoto sita. Asubuhi anachota maji kwa bido, anaosha nyanya yake asiyeweza kusimama, mchana anasoma, jioni anauza makala kando ya mama. Huyu wa pili akiulizwa: "Umejitolea saa ngapi?" anainamisha kichwa na kusema: "Sina hata moja." Je, ni kweli hana?

Ndugu, si kweli. Na hata wale wenye kutengeneza fomu wameanza kulijua. Katika Common Application, madaraka ya nyumbani ni shughuli inayoweza kuandikwa, na kazi ya mshahara vilevile. Mwezi wa kwanza wa 2016, watu wa Universite ya Harvard walitoa ripoti inayoitwa Turning the Tide. Iliziomba universite ziheshimu mtoto anayelea ndugu zake ao anayetafutia jamaa chakula, na zisitazame wingi wa kazi kuliko uzito wake. Kwa hiyo mlango uko wazi, lakini watoto wetu hawaingii, kwa sababu sisi wazazi tumewafundisha kwamba kazi ya nyumbani si kazi.

Tukumbuke Dorkasi katika Matendo sura ya 9. Alipokufa, hakuna aliyeleta karatasi. Wajane walisimama wakilia na kuonyesha nguo alizowashonea. Hao ndio waliokuwa barua yake. Kijana akitaka kujua kama saa zake ni za kweli, atafute nani angesimama na kumshuhudia, na nani angepungukiwa kama yeye asingekuja.

Basi tunasema hivi. Kijana, andika saa zako, usiongeze hata moja. Na zikitimia, rudi tena juma linalofuata. Wewe binti wa bido na makala, andika zako bila haya. Wazazi, msituombe kutia muhuri juu ya jambo ambalo hatukuliona. Muhuri ni ushahidi, na ushahidi wa uongo unamnyang'anya nafasi mtoto wa mtu mwingine aliyefanya kazi kweli. Na sisi tunaotia sahihi, kabla ya kushika kalamu, twende kwanza kumwuliza yule aliyesaidiwa.

Bwana awabariki katika masomo yenu.

Shemasi wenu, Kampemba