Katika Baraza, Nani Hana Kiti?

Wagiriki wa zamani, katika mji wa Athene, walikuwa na uwanja ulioitwa agora. Ulikuwa soko, na palepale watu walijadiliana mambo ya mji. Lakini katika mkutano wa raia, wanawake, watumwa na wageni hawakuwa na sauti.

Sisi wa Masisi na Walikale tuko pia na soko, na tuko na baraza ya wazee. Lakini tusidanganyane: ni katika soko la Ntoto, Machi 1993, mauaji yalianza. Kukutana tu hakuleti amani. Mwaka wa 1998 viongozi wa makabila ya Kivu ya Kaskazini waliunda baraza yao, Barza Intercommunautaire. Ilituliza magomvi mengi, kisha siasa ikaigawanya, na mwaka wa 2005 ikasimama.

Basi ulizo letu ni hili: katika baraza yetu, nani hana kiti? Mama muuza mihogo? Kijana? Yule tunayemwita mgeni? Tukikaa na wa kwetu tu, hata kwenye telefone, hiyo bado si baraza. Baraza inaanza siku ile tunayemuogopa anapewa kiti, na sisi tunanyamaza kidogo tumsikilize.