Upofu wa Mwenye Macho

Binadamu ana macho ya namna mbili. Yapo macho ya kichwani, yaonayo mlima, mto, mbuzi na mwanga wa jua. Na yapo macho ya moyoni, yaonayo haki na dhuluma, huruma na aibu. Macho ya kichwani yakiharibika, mwenyewe huwa wa kwanza kujua, naye huomba mkono wa kumwongoza. Macho ya moyoni yakiharibika, mwenyewe huwa wa mwisho kujua. Na badala ya kuomba kuongozwa, mara nyingi husimama mbele ya watu akataka kuwaongoza. Kipofu wa macho hujikwaa mwenyewe. Kipofu wa moyo huwakwaza wengine.

Kijana msomaji, nakuomba tuuchunguze upofu huu wa pili, maana tunao katika nchi yetu, na dini ya mdomoni haijatuponya. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya Wakenya wanane katika kila kumi walijitaja kuwa Wakristo. Mikutano yetu hufunguliwa kwa sala na kufungwa kwa sala. Viongozi wengi huapa wakiwa wameshika Biblia. Hata hivyo njaa hurudi pale pale ilipokuwa, na mali ya umma hupotea mikononi mwa watu waliosali asubuhi. Yawezekanaje watu wengi namna hii wainue macho mbinguni, wasimwone jirani aliye mbele yao?

Ili tupate jibu, tuanze na ugonjwa wa macho ya kichwani. Huku Turkana, kutoka Kaikor hata Kakuma na Lodwar, watu wanayafahamu maradhi ya vikope, ambayo waganga wa hospitali huyaita trakoma. Huletwa na vijidudu visivyoonekana, navyo huhama kutoka jicho hata jicho kwa mikono, kwa nguo na kwa nzi. Mtoto huambukizwa, macho yakawa mekundu yenye tongo, kisha akapona. Huambukizwa tena, akapona tena. Kila mara hubaki kovu dogo ndani ya kope. Miaka hupita. Makovu yakiwa mengi, kope hujikunja kwa ndani, na zile nywele zake zilizoumbwa zilinde jicho huanza kulikwaruza. Kila kupepesa huwa maumivu. Mwishowe kioo cha jicho huingia ukungu, na mtu aliyeanza kuugua utotoni huwa kipofu utu uzimani. Wanawake huumia kuliko wanaume, kwa kuwa wao ndio walezi wa watoto na ndio wanaowafuta nyuso.

Katika maradhi haya mna mafundisho matatu. La kwanza, upofu hauji kwa siku moja. Huja kwa makovu madogo ambayo hayakutunzwa. La pili, huambukizwa na watu wa karibu, hata wale tuwapendao. La tatu, ambalo ndilo zito, kile kilichowekwa kulinda jicho ndicho kinacholiharibu, kikigeukia ndani. Moyo nao hupofuka vivyo hivyo. Mtu haamki siku moja akawa mwizi wa chakula cha wenye njaa. Huanza kwa kunyamaza anapoona uwongo mdogo, akaambiwa na rafiki zake kwamba ndivyo dunia ilivyo, akazoea. Na dini, ambayo ilikuwa kope ya kumlinda, ikigeukia ndani ikawa ya kujipamba na kujisifu, humtia giza kuliko asiye na dini.

Kinga ya kwanza ya vikope ni kunawa uso kwa maji safi. Lakini mwanamke achimbaye mchanga wa mto mkavu ili apate dumu moja, atampa mtoto maji anywe, au atamwosha uso? Hapo upofu wa macho na upofu wa moyo hukutana. Mtoto yule hakukosa maji kwa sababu ya ukame peke yake. Alikosa pia kwa sababu kwa miaka mingi hakuonwa.

Nasema hakuonwa, nami sitii chumvi. Serikali ya kikoloni iliifanya Turkana wilaya iliyofungwa, mgeni asiingie bila ruhusa. Ilipotaka kumficha Jomo Kenyatta machoni pa watu wake, ilimfunga Lokitaung tangu mwaka 1953, na mwaka 1959 ikamhamishia Lodwar. Mahali palipochaguliwa ili mtu asionekane, wenyeji wake nao hawakuonekana. Uhuru ulikuja mwaka 1963. Mwaka 1965 serikali mpya ilitoa Waraka Nambari 10 juu ya ujamaa wa Kiafrika na mipango ya uchumi, nao ukashauri kwamba fedha za maendeleo zitangulie kwenda penye ardhi nzuri, mvua ya kutosha na barabara, ambako zingezaa zaidi. Walioandika hayo hawakuwa watu wajinga, wala hesabu yao haikuwa na kosa la kujumlisha. Shilingi iliyopandwa penye mvua huzaa haraka. Lakini hesabu hiyo ilizihesabu shilingi, haikumhesabu mtoto wa penye mchanga. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hata awe mwenye elimu nyingi.

Machi 2012 ilitangazwa kwamba mafuta yamepatikana katika kisima cha Ngamia 1, kusini mwa Turkana. Macho ya nchi nzima yakageuka kututazama. Ni vyema kuonwa. Lakini ni aibu kwamba mafuta yaliyo chini ya ardhi yalitazamwa kwa shauku kuliko watu walio juu yake.

Usidhani nataka uinyoshee Nairobi kidole, kisha ulale. Katiba ya mwaka 2010 iligawa madaraka, ikaweka na hazina maalumu ya kuyainua maeneo yaliyoachwa nyuma. Tangu mwaka 2013 Turkana ina serikali yake ya kaunti, na viongozi wake ni watoto wa hapa hapa. Basi kisima kikichimbwa kwenye karatasi tu, au gunia la msaada likiuzwa dukani, ni nani aliyepofuka? Nyani haoni kundule. Hatuna budi kujitazama sisi wenyewe.

Injili ya Yohana ina habari ya mtu aliyezaliwa kipofu. Wanafunzi walipomwona, waliuliza ni dhambi ya nani iliyomletea upofu ule. Walimfanya swali la kujadiliwa, hawakumwona mtu wa kusaidiwa. Yesu alimponya. Wakuu wa dini walipopata habari hawakufurahi. Walimhoji, wakawahoji wazazi wake, na mwishowe wakamfukuza, kwa sababu kuona kwake kulivuruga mambo waliyoyaamini. Hadithi inakwisha kwa mageuzi makubwa: aliyekuwa kipofu anaona, na waliojigamba kwamba wanaona ndio wanaobaki gizani. Kosa lao halikuwa kutojua sheria ya Mungu, maana waliijua sana. Kosa lao lilikuwa kuamini kwamba kwa kuijua wamekwisha kuona.

Pengine utaniuliza: je, imani ina kazi gani katika siasa? Si afadhali kanisa lishughulike na mbingu, na serikali ishughulike na dunia? Swali hili lina busara ndani yake. Kanisa likitafuta madaraka hupotea njia. Lakini kutafuta madaraka ni jambo moja, na kuwaambia wenye madaraka ukweli ni jambo jingine. Alexander Muge, Askofu wa Kianglikana wa Eldoret, alisema hadharani dhidi ya ufisadi na unyakuzi wa ardhi. Waziri mmoja alimwonya kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke hai. Alikwenda, akahubiri, na siku ile ile, tarehe 14 Agosti 1990, alifariki katika ajali ya barabarani akirudi nyumbani. Hakugombea kiti chochote. Aliona, akasema aliyoyaona.

Kanisa nalo laweza kupofushwa, na fedha ndiyo nzi wa maradhi hayo. Kwa miaka mingi wanasiasa wamefika ibadani na bahasha, wakapewa nafasi ya kuhutubu. Septemba 2021, katika kuwekwa wakfu Askofu Rose Okeno huko Butere, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwazuia wanasiasa wasihutubu ibadani. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alikataa mchango ambao Rais wa nchi alikuwa ametoa kwa parokia moja. Matendo haya hayakushibisha mwenye njaa. Yalikuwa ni kunawa uso tu. Lakini asiyenawa uso ataonaje?

Na tazama lile la kutisha zaidi. Tangu Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu ambao, kwa mashtaka yaliyofikishwa mahakamani, walihimizwa wafunge hata kufa ili wakutane na Yesu. Katika miezi ile ile Turkana ilikuwa ikitoka katika ukame uliopitisha misimu mitano bila mvua ya kutosha. Huku watu walikufa njaa kwa kukosa chakula. Kule walikufa njaa kwa jina la imani. Hiyo ndiyo kope iliyogeukia ndani.

Waturkana walimwita Mungu Akuj kabla ya misheni yoyote kufika. Mwaka 1961, wakati wa njaa kubwa, mapadre wa Shirika la Mtakatifu Patrick walipoingia Turkana, wenye njaa walihitaji kwanza mtu wa kuwaona. Imani iliyo hai huanza kwa kuona, kisha ndipo husema.

Basi wewe ufanyeje? Nawa uso kila siku. Sema kweli katika jambo dogo, ili kovu la kwanza lisipate mahali. Mkaribie anayeteseka ujue jina lake, maana mtu mwenye jina hasahauliki kwa urahisi. Ukitimiza miaka 18 utapiga kura: usimtazame mgombea anavyosali, tazama kisima alichoahidi kina maji au hakina. Na ukiwa karani, mwalimu, muuguzi au chifu, siku itafika ambapo mtu mnyonge atasimama mezani pako na karatasi mkononi. Siku hiyo hutaulizwa unajua mistari mingapi ya Biblia. Inua macho, umtazame.