Kujulikana kwa Hesabu, Kutojulikana kwa Jina

Kule Marekani kuna watu wanaoacha kazi wakiwa na miaka 40, wengine hata 35, na hawajapata urithi wala kushinda bahati nasibu. Ni wahandisi, walimu, wauguzi, watu wa kompyuta. Wanaishi kwa nusu ya mshahara au chini ya hapo, na inayobaki wanainunulia hisa, mwaka baada ya mwaka, mpaka akiba iweze kuwalisha, kuwavika na kuwalipia nyumba bila wao kwenda kazini. Siku hiyo wanamwandikia bosi barua. Na wengi wao wako kwenye vikundi vya mtandaoni ambako wanapiga hesabu pamoja, maelfu kwa maelfu, wakitumia majina ya bandia.

Hebu tujiulize kitu kimoja. Kama ni hesabu tu, mbona wanabaki humo? Hesabu yenyewe unaielewa jioni moja. Mtu angeweza kuisoma, aseme asante, aende zake akaweke akiba kimya kimya. Lakini wanakaa miaka kumi, kumi na tano. Na wa ajabu zaidi ni wale waliokwisha kufika. Kazi wameacha, pesa iko, ushauri hawahitaji, na bado asubuhi unawakuta wakisoma hesabu za wageni.

Nianze na hiyo hesabu, kwa sababu wengi wanaowacheka hawajaiangalia. Mwaka 1994 mshauri mmoja wa fedha huko California, William Bengen, alichukua rekodi za soko la hisa na hati za serikali kuanzia 1926, akauliza: mstaafu achukue kiasi gani kila mwaka ili pesa isimwishie kabla ya miaka 30? Jibu lilikuwa karibu asilimia 4 ya akiba mwaka wa kwanza, halafu kiasi hicho hicho kikipandishwa bei za vitu zinapopanda. Mwaka 1998 maprofesa watatu wa Trinity University, Texas, walifanya hesabu inayofanana na hiyo wakafika karibu hapo hapo. Sasa igeuze. Kama asilimia 4 inatosha, basi unahitaji akiba mara 25 ya matumizi yako ya mwaka. Anayetumia dola 30,000 anatafuta dola 750,000. Ukiangalia vizuri utaona mshahara haujatajwa kabisa. Kinachopimwa ni matumizi.

Hapo ndipo watu wanashtuka. Chukua mtu anayeweka asilimia 10 ya mshahara, na pesa yake ikue kwa asilimia 5 juu ya mfumuko wa bei. Atafanya kazi miaka 51. Anayeweka nusu ya mshahara, kwa soko hilo hilo, miaka 17. Tofauti ya hao wawili ni maisha mazima ya mtu. (Bengen alipima miaka 30 tu, na anayeacha kazi akiwa na 35 anaweza kuhitaji miaka 50 au zaidi. Wenyewe wanalijua hilo, na wanaligombania kama sisi tunavyogombania unyakuo ni kabla ya dhiki au baada.)

Wazo lenyewe si la juzi. Joe Dominguez aliacha kazi Wall Street akiwa na miaka 31, na miaka ya 1980 alikuwa akifundisha kwa kaseti. Yeye na Vicki Robin walitoa kitabu mwaka 1992. Fundisho lao kubwa lilikuwa kwamba pesa ni saa za uhai wako ulizouza, kwa hiyo kila ukinunua kitu jiulize umekilipia saa ngapi. Walitaka pia uchore mapato na matumizi ya kila mwezi kwenye karatasi kubwa uibandike ukutani. Mnamo 2011 akaja Pete Adeney, mtaalamu wa programu aliyeacha kazi akiwa na miaka 30, anayeishi Colorado, akaanza kuandika mtandaoni kwa kejeli na ukali juu ya watu wanaonunua magari makubwa kwa mkopo. Wengi walioingia katika jambo hili waliingia kupitia kwake.

Basi, kwa nini wanaingia? Watu husema ni uvivu. Mimi sikubali. Mvivu haishi miaka 17 bila kununua gari jipya. Nionavyo, wengi wanaingia kwa hofu, na hofu yao ina msingi. Karibu kila jimbo la Marekani, bosi anaweza kukupiga kalamu leo bila kukueleza sababu, na sheria iko upande wake. Na kwa watu wengi wa umri wa kufanya kazi, bima ya afya inatoka kwa mwajiri. Ukimwaga unga, na bima imemwagika. Bima ya serikali ya wazee inaanza miaka 65, na pensheni kamili ya serikali, kwa waliozaliwa 1960 au baadaye, miaka 67. Wako hata wanaostaafu nusu, wakatafuta kazi ya saa chache kwenye mkahawa wa kahawa, lengo likiwa ile bima zaidi ya mshahara. Waliokuwa kazini mwaka 2008 waliona wenzao wenye digrii na nyumba wakibeba makatoni kutoka ofisini. Mtu aliyeona hivyo akiambiwa kuna tarakimu, ukiifikia hakuna bosi anayeweza kukutisha tena, atasikiliza. Hata mimi ningesikiliza.

Lakini hofu inaeleza kuingia tu. Kubaki kuna sababu nyingine, na hii sisi Wapentekoste tunaielewa haraka, kwa sababu tunajua ushuhuda bila wasikilizaji hauna mahali pa kwenda.

Fikiria umefikisha dola 300,000 baada ya miaka tisa ya kubeba chakula kutoka nyumbani. Utamwambia nani? Kazini huwezi, bosi akisikia unapanga kuondoka ataanza na wewe. Rafiki atadhani unajigamba. Ndugu yako atafurahi, halafu wiki ya pili atakuja na wazo la biashara. Mke au mume anajua, lakini ameshachoka kusikia. Kwa hiyo unaingia kule, unaandika tarakimu zako, na watu usiowajua wanakupongeza kwa dhati maana wanajua tarakimu hiyo imegharimu nini. Na si ushindi tu. Watu wanaungama humo. Mmoja anasema amevunja mpango akanunua gari, wenzake wanamkemea, wanamtia moyo, anarudi njiani. Kuna wazee wa kikundi, kuna wageni, kuna lugha ambayo mtu wa nje haielewi. Kuna hata ugonjwa wanaoujua wote: kufika kwenye tarakimu halafu kusema, mwaka mmoja tu zaidi, kisha mwaka mwingine tena.

Na aliyefika anabaki kwa sababu Jumatatu asubuhi ni kimya. Kazi aliyoichukia ilikuwa pia inampa watu wa kumwita jina, mahali pa kwenda, kitu cha kulalamikia. Akiba imelipa mkate lakini haijaleta wenzake. Kikundi ndicho kilichobaki cha kumfanya ajione ana faida kwa mtu. Yule mgeni anayeuliza aanze wapi, yeye anaweza kumjibu.

Sasa nifike ninapotaka kufika. Katika vikundi vile mtu anajulikana kwa hesabu na hajulikani kwa jina. Wanajua mshahara wako, deni lako, unatumia ngapi kwa chakula, hata umebakisha miezi mingapi. Hawajui unaishi wapi wala mama yako anaitwaje. Kwetu ni kinyume. Chama chako kinajua jina lako, jina la mtoto wako wa mwisho, njia ya kwenda kwenu. Watakuja matanga na masufuria. Lakini mshahara wako kamili? Huo unafichwa hata kwa mtu mnayelala kitanda kimoja. Na sababu ni moja pande zote mbili: anayejua jina lako pamoja na pesa yako anaweza kukuomba. Akishajua vyote viwili, ana dai juu yako, na huwezi kujifanya huna.

Ndiyo maana ukweli unatoka kwa urahisi kule. Hakuna dai. Unaweza kusema una dola 700,000 na hakuna atakayekuomba karo. Ninaona uzuri katika hilo, sitaki kuudharau, kwa kuwa ukweli kuhusu pesa ni adimu na sisi hapa tunadanganyana sana. Lakini ninajiuliza ukweli usiogharimu kitu unamfanya mtu kuwa mkweli kiasi gani.

Najua wengi wenu mmeshamfikiria yule tajiri wa Luka 12, aliyepanga kuvunja ghala zake ajenge kubwa zaidi. Tunamhubiri kama mtu wa tamaa. Nionavyo alikuwa mstaafu. Alipiga hesabu akaona vinatosha miaka mingi, akaamua kupumzika. Kutosheka ni zaidi ya tunachoweza kusema kuhusu matajiri wengi wa leo, maana hao hawana tarakimu ya kusimamia. Ukimsoma tena utaona katika mpango wake hakuna mtu mwingine. Hakuna mke, jirani, wala mtumishi. Anajiuliza mwenyewe na kujijibu mwenyewe. Watu wa vikundi hivi wamemzidi hatua moja: wao wanaongea na watu. Ila ni watu waliochaguliwa kwa sababu hawana la kuwaomba.

Mfano utaonyesha ugumu wake. Tuseme muuguzi Mkenya yuko Minnesota, na Wakenya ni wengi huko. Ameingia kwenye hesabu hizi. Kila mwezi anamtumia mama yake dola 200 za dawa na chakula. Aiandike wapi? Akiiandika kwenye matumizi, kanuni ya 25 inaizidisha: 200 mara miezi 12 ni 2,400, mara 25 ni dola 60,000. Kama anaweka akiba dola 20,000 kwa mwaka, basi mama yake, kwenye jedwali lile, ni karibu miaka mitatu ya zamu za usiku.

Akiuliza kikundini ataambiwa mambo mawili. Wengine watamwambia aweke mpaka, maana huwezi kuokoa ukoo mzima ukiwa umezama. Ushauri huo si mbaya. Nimeona watu waliotuma kila kitu nyumbani wakafika uzeeni wakiwa wao ndio mzigo. Wengine watamwambia asiiandike kabisa, kwa kuwa mama hataishi milele. Huo nao kwa hesabu ni sahihi, na ndio unaonitisha, kwa sababu unamfundisha binti kumhesabu mama yake kama gharama yenye mwisho, na kuanza kuungoja mwisho huo pasipo kujua kwamba anaungoja.

Mimi ningemwambia aiandike. Aiandike kwenye safu moja na kodi ya nyumba, aizidishe kwa 25 kama vitu vingine, aione ile miaka mitatu kwa macho yake. Halafu siku moja akija likizo aketi na mama jikoni amwonyeshe mshahara, bili, na hiyo 200 ilivyo kubwa kwake. Huenda mama akasema apunguze. Huenda akamkumbusha mtoto wa dada anayeingia sekondari Januari. Hapo hakuna jina la bandia la kujificha nyuma yake, na jibu lolote atakalolipata litatoka kwa mtu anayejua vyote viwili.