Aliegemea Upepo, Upepo Ukaondoka



Likizo hii nilirudi nyumbani Rwamgasa. Kwa wasiopajua, ni kijiji cha wachimbaji wadogo wa dhahabu wilayani Geita. Kwetu jogoo hana kazi. Makarasha yanaanza kunguruma yakisaga mawe kabla hata ya kengele ya Malaika wa Bwana.

Nilifika nikiwa na siri. Nimemaliza falsafa, mwaka wa kichungaji unanisubiri, na kichwani nilikuwa nimeshaandika nusu ya barua ya kuaga seminari. Sikuwa nimegombana na mtu. Tatizo ni kwamba nilikuwa nakaa kanisani, midomo inasema Zaburi, na ndani kimya kabisa. Miezi saba hivi. Nilipokuwa kidato cha nne nilienda mafungo ya vijana, nikalia mbele ya Sakramenti Kuu mpaka shati likalowa. Sasa najiuliza: yule Mungu wa siku ile alienda wapi?

Mdogo wangu naye alikuwa na lake. Ana mgao kwenye duara moja na wenzake watano. Mwaka juzi walipata. Walipogawana, yeye alinunua pikipiki na kuezeka nyumba ya mama kwa bati. Tangu hapo, hakuna kitu. Wanavuta maji, wanabadilisha matimba, wanapandisha mawe, yanapelekwa karasha, yanaoshwa mwaloni, na mwisho wa siku wanahesabu madeni. Usiku wa pili akaniambia kwa sauti ya chini, mama asisikie:

"Kaka, wenzangu wanachanga hela ya mganga. Laki moja kila mtu. Nisipotoa, wananitoa." Akanyamaza kidogo. "Wewe huna sala ya kufungua duara?"

Jamani, pata picha. Frateri asiyeweza kusali anaombwa sala ya kuleta dhahabu. Nilimwambia tulale, tutaongea kesho. Kwa kweli nilikuwa nakimbia.

Kesho yake mama akatutuma Nkome, kwa mjomba, tumpelekee mahindi. Tulifika jioni. Mjomba ni mvuvi wa sangara. Wenzake wengi wameshanunua injini, ila yeye anasema bei ya petroli inakula samaki kabla hajamvua, kwa hiyo bado ana mtumbwi wa tanga. Alfajiri akatuamsha: "Frateri, njoo uone ofisi yangu."

Pale kusini mwa ziwa, upepo una ratiba yake. Usiku mpaka alfajiri unatoka nchi kavu kwenda ziwani, kwa sababu ardhi imepoa kuliko maji. Mchana ardhi ikishapata moto, upepo unageuka, unatoka ziwani kuja nchi kavu. Mvuvi wa tanga anatoka na wa kwanza, anarudi na wa pili. Lakini katikati yake, asubuhi jua likishapanda, kuna saa ambazo hakuna mwenye zamu. Mara unavuma kidogo kutoka huku, mara kule, mara hakuna kabisa. Huwezi kujua.

Basi bwana, saa hizo zilitukuta tumeshaopoa nyavu. Sangara wawili na sato wachache. Tanga likalegea kama nguo kwenye kamba ya kuanikia. Mdogo wangu akachoka kungoja, akatoa simu, akatuonyesha video aliyokuwa ameihifadhi: kijana mmoja Ulaya, kwenye ziwa lililozungukwa na milima, amesimama juu ya ubao wenye tanga. Ni mchezo mkubwa huo, umo kwenye Olimpiki tangu 1984. Ubao hauna usukani. Mlingoti haujasimikwa, umefungwa kwenye kiungo kinachoulaza upande wowote, na mtu anaongoza kwa kulaza tanga mbele au nyuma. Upepo ukiwa mkali anajilaza nyuma karibu aguse maji, uzito wake wote umeshikwa na upepo. Yule kijana alikuwa amejilaza hivyo, anaenda kasi. Ghafla, pwaa! Akaanguka chali majini. Mdogo wangu akacheka sana. Ndiyo maana alikuwa ameitunza.

Mjomba hakucheka. Akaomba airudie, akaangalia tena.

"Aliegemea upepo," akasema. "Upepo ukaondoka."

Akaturudishia simu, akaendelea kushika kamba yake.

Vijana wenzangu, nimesoma Aristotle, nimesoma Thomas wa Akwino, na mitihani nimefaulu. Lakini miezi yangu saba ilielezwa kwa maneno manne na mtu mwenye harufu ya samaki. Nilikuwa nimeegemea upepo. Yale machozi ya kidato cha nne yalikuwa ya kweli, yalikuwa zawadi ya Mungu. Kosa langu ni kwamba niliuweka wito wangu wote juu ya machozi. Nilidhani nampenda Mungu, kumbe nilipenda namna nilivyojisikia nikiwa naye. Hisia zilipoondoka, nikaanguka chali, halafu nikamlaumu Mungu kwamba amenisukuma. Na mdogo wangu alikuwa ameegemea upepo wake: ile siku moja ya bahati, mwaka juzi.

Katika Yohane sura ya tatu, Nikodemo anamjia Yesu usiku, na Yesu anamwambia kuhusu upepo: unausikia, lakini hujui ulikotoka wala uendako. Katika Kigiriki cha Injili, neno la upepo na neno la roho ni moja, pneuma. Kwa hiyo Yesu haficha kitu. Anatuambia mapema kabisa kwamba maisha ndani ya Roho si bomba unalofungua ukitaka. Roho Mtakatifu hana ratiba ya kwangu. Sasa mimi nilipohesabu miezi kana kwamba nadai mshahara uliocheleweshwa, nilikuwa nadai kitu ambacho hakuna aliyeniahidi.

Lakini angalia sana, kwa sababu hapa wengi tunakosea upande wa pili. Tunasema, kama upepo ni wa Mungu, basi mimi nilale. Mjomba hakulala. Nilimwangalia. Kamba ya tanga aliishika kwa vidole tu, kwa wepesi, ili hata upepo mdogo aupate mkononi. Alituambia tukae upande mmoja na tusitikisike, maana mtumbwi ukiyumba unamwaga hata ule upepo kidogo uliomo tangani. Macho yake yalikuwa juu ya maji, anatafuta mahali palipokunjamana na kuwa peusi kidogo, maana hapo ndipo upepo unapokuja. Katikati akatupa makasia tupige polepole. Nikamuuliza: "Mjomba, si tulikunje tanga tu, halina kazi?" Akasema: "Ukilikunja, upepo ukija utakukuta unafungua kamba."

Thomas wa Akwino anafundisha kwamba mapaji ya Roho Mtakatifu ndiyo yanayomfanya mtu awe mwepesi kusukumwa na Roho. Niliandika hilo kwenye mtihani bila kulielewa. Mapaji uliyopokea siku ya Kipaimara si upepo wenyewe. Ni tanga. Huwezi kuutengeneza upepo, lakini kulikunja tanga au kuliacha wazi, hilo liko mikononi mwako.

Na upepo ukiwa mdogo unasimamaje? Nilirudia ile video baadaye mara nyingi. Kuna sehemu mwanzoni, kabla ya kasi, upepo ni kidogo tu. Hapo yule kijana hajajilaza. Amesimama wima, magoti yamelegea kidogo, mikono myepesi, uzito wake uko kwenye miguu yake mwenyewe. Anaenda taratibu sana, hata haivutii kutazama. Lakini anaenda! Hiyo ndiyo imani siku ambayo huhisi kitu.

Mtakatifu Teresa wa Kalkuta, aliyetangazwa mtakatifu Septemba 4, 2016, aliishi hivyo miaka mingi kuliko umri wangu na wako. Barua zake zilipochapishwa mwaka 2007, wengi walishtuka kusoma kwamba ndani yake kulikuwa na giza na ukimya kwa karibu nusu karne. Wote waliomwona walidhani anasukumwa na upepo mkali. Kumbe alikuwa amesimama kwa miguu yake, tanga wazi, kila siku, kwa maskini.

Hata imani yetu sisi watu wa Ziwa ilikuja polepole. Januari 1879 Padre Simeon Lourdel na Bruda Amans waliondoka Kageye, upande wa Mwanza, kwa mtumbwi. Walifika Kigungu, karibu na Entebbe, Februari 17. Wiki nne hivi kwa safari ambayo leo ndege inaimaliza upesi. Naamini kulikuwa na siku waliona hawaendi popote. Miaka saba baadaye, Juni 3, 1886, Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo kwa ajili ya Kristo. Mbegu ilifika, ingawa ilichelewa njiani.

Sasa nirudi kwa mdogo wangu, maana najua wapo mnaosoma hapa mmekaa kwenye kifusi, mnasubiri zamu ya kushuka.

Siku ile upepo wa mchana ulikuja mnamo saa nane, tukafika pwani jioni. Njiani kurudi Rwamgasa nilimwambia ukweli wote. Kwamba sina sala ya kufungua duara. Kwamba hata yangu mwenyewe imekauka, na nilikuwa nafikiria kuacha. Alinitazama kwa mshangao, halafu akasema, "Kumbe na wewe?" Nadhani ndiyo mahubiri pekee yaliyomfikia.

Kisha tukaongea kuhusu mganga. Mganga ni mtu anayekuuzia upepo. Na upepo hauuzwi, kwa hiyo lazima akuuzie kitu kingine. Leo ni laki moja, kesho ni kuku, na sote wa Kanda ya Ziwa tunajua mahali njia hii ilipowahi kufika. Watu wenye ualbino, majirani zetu, watoto wa shule, waliuawa na kukatwa viungo kwa sababu kuna mtu aliambiwa hiyo ndiyo bahati ya dhahabu au ya samaki. Hakuna aliyeanzia pale. Kila mmoja alianza kwa kukataa kungoja.

Mdogo wangu hakuchanga. Wenzake walimtoa kweli kwenye duara, na mgao wake ukapotea. Sitawadanganya kwamba wiki iliyofuata alipata dhahabu. Hajapata. Anabeba mawe kwenye karasha la mtu kwa kibarua, na pikipiki ameiuza. Jumapili tulipiga magoti benchi moja, na mimi bado sikuhisi kitu. Lakini nilijua nimesimama wapi.

Katika Marko sura ya sita, Yesu mwenyewe ndiye anayewaamuru wanafunzi wapande mashua. Hawakukosea njia, walitumwa. Halafu upepo unakuwa wa mbisho, nao wanapiga makasia usiku. Ziwa lile la Galilaya ni dogo, kama kilomita za mraba 166 tu, wakati letu ni kama 68,800, lakini usiku ule liliwatosha. Yesu anawajia zamu ya nne, yaani baada ya saa tisa usiku. Nilikuwa nasoma hapo naona amechelewa. Sikuwa nimeona kilichoandikwa kabla yake: jioni ile, akiwa nchi kavu, aliwaona wakitaabika. Aliwaona tangu mwanzo. Wao ndio hawakumwona.

Kwa hiyo, rafiki yangu, wiki hii nakuomba mambo matatu. Kwanza, chagua sala moja fupi na uisali saa ileile kila siku, ujisikie usijisikie. Hilo ndilo tanga. Pili, nenda Kitubio, maana tanga lililotoboka halishiki hata upepo mzuri. Tatu, tafuta mtu mmoja umwambie ukweli kuhusu ukavu wako, awe paroko, mlezi, au mwenzako wa VIWAWA. Huenda naye anangoja kusema, "Kumbe na wewe?"

Ile barua sijaimalizia. Naenda mwaka wa kichungaji.

Tusali: Ee Roho Mtakatifu, ukija kwa nguvu, tupe unyenyekevu wa kupokea. Ukija kidogo, tupe mikono myepesi. Usipokuja tunavyotaka, tushike miguu tusianguke, na utulinde na wale wanaotuuzia upepo. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.