Msimtangulie Kirangozi

Wanangu, nimesikia mnachanga fedha ili Desemba mwende Kilimanjaro, pamoja na makundi ya Watanzania wanaosherehekea Uhuru kileleni. Ni jambo jema. Mlima ule ni wenu tangu usiku wa tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliposimika bendera ya Tanganyika na kuwasha mwenge pale juu. Nendeni. Lakini kabla hamjapanda basi la Moshi, nisikilizeni mimi mzee wenu.

Sisi ni watu wa pwani. Tumezaliwa Dunda, Kaole, Mlingotini na Saadani, usawa wa bahari. Kilele cha Kibo kina mita 5,895, na huko kila pumzi inakupa karibu nusu tu ya oksijeni uliyoizoea hapa. Usijidanganye kwamba ujana utakusaidia. Kijana anayecheza mpira juani mchana kutwa huweza kuzidiwa njiani, akapitwa na mama wa makamo anayejikongoja taratibu. Ugonjwa wa mlima haumjui mwenye misuli.

Pwani yetu iliishi kwa misafara, na misafara ilikuwa na sheria zake. Burton, Mwingereza aliyeshuka Kaole mwaka 1857, aliandika kuwa kirangozi ndiye aliyetangulia, na aliyethubutu kumpita alitozwa faini. Alichomolewa mshale mmoja podoni mwake, ili jioni kambini atambulike na alipe. Wazee wa misafara hawakuwa wakali bure. Mtu mmoja akikimbilia mbele, msafara mzima hukatika, na anayeanguka nyuma hana wa kumwinua.

Sheria hiyo ingali hai mlimani. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, KINAPA, haimruhusu mtu kupanda bila mwongozaji mwenye leseni. Kwa hiyo kirangozi mtapewa. Ninachoogopa ni kwamba mtamlipa, kisha mtamziba mdomo.

Chukueni njia ya Marangu. Usiku wa kwanza mnalala Mandara, mita 2,720. Wa pili Horombo, mita 3,720. Kisha kibanda cha Kibo, mita 4,720. Waganga wa milima hushauri kwamba ukishavuka mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa siku. Hesabuni wenyewe: kila hatua hapo ni mita 1,000. Ndiyo maana mwongozaji mwema atawaambia mlale Horombo siku mbili. Siku ya pili atawapandisha hadi Mawe ya Pundamilia, kisha atawarudisha chini mlale, mwili ujifunze. Wengi huikata siku hiyo ili kupunguza gharama. Nyinyi msiikate. Kama fedha hazitoshi, ahirisheni safari.

Mkitoka Horombo mtapita mahali pa mwisho pa maji, halafu mtatokea kwenye uwanda uliopo kati ya Kibo na Mawenzi. Hakuna mti, majani ni ya kuhesabu, chini ni changarawe na vumbi la volkano. Kulia kwenu ni Mawenzi, mita 5,149, miamba iliyochongoka na kumeguka, ambayo wapandaji wa kawaida hawaigusi. Mbele ni Kibo, karibu hata mtadhani ni mwendo wa nusu saa. Hapo ndipo vijana huharibikiwa. Njia ni tambarare, kilele kinaonekana, muziki uko masikioni, basi hukaza mwendo wakampita kiongozi. Deni la mbio hizo hudaiwa usiku huohuo, kwa kuwa safari ya kileleni huanza karibu saa sita ya usiku, kwenye mteremko mkali na baridi ya kugandisha maji chupani. Mwenda pole hajikwai.

Jioni mwongozaji atapita mezani. Atatazama sahani yako, atakuuliza umelalaje, kichwa kinauma, umekunywa maji kiasi gani. Kijana akiwa na hofu ya kurudishwa husukuma wali kwa kijiko huku na huku, anacheka, anasema yuko sawa. Wanangu, msiseme uongo pale. Kichwa kikizidi kuuma, ukitapika, ukianza kuyumba kama mlevi, ukikohoa na kukosa pumzi hali umekaa, dawa ni kushuka. Kushuka saa hiyohiyo, hata ikiwa saa nane ya usiku.

Na mjue nani atakayewashusha. Ni wapagazi, wanaojiita wagumu, ambao mchana wamebeba mizigo na vyakula vyenu. Watakulaza kwenye machela ya gurudumu moja, waishike pande zote, wakimbie nayo gizani juu ya mawe. Ukaidi wako wataubeba wao. Mzigo wa mpagazi una kikomo cha kilo 20 na hupimwa getini. Msimwongezee kitu kwa siri baada ya mzani. Wapagazi wa zamani walisifiwa kwa kubeba pembe za ndovu hadi pwani, lakini waliobaki njiani hakuna aliyewahesabu. Tusirudie hayo kwa ajili ya picha.

Basi nawausia hivi. Kabla ya kulipa kampuni yoyote, ulizeni mambo matatu: tutakaa mlimani siku ngapi, mwongozaji ana leseni, na wapagazi wana viatu na makoti ya mvua? Ikikwepa hata moja, rudisheni fedha mfukoni. Mkishaanza safari, kaeni nyuma ya kirangozi. Akisema tembea, tembeeni kwa mwendo wake. Akisema shuka, shukeni bila ubishi.