Msiwafanyie Kazi Wezi wa Manga

Wanangu mnaopenda manga na anime, sikuja kuwakataza. Hadithi za Wajapani zina utamu wake, na atakayewaambia ni upuuzi hajazisoma. Ninachowaonya ni mlango mnaopitia kuzifikia.

Jarida la Weekly Shonen Jump hutoka Japani Jumatatu. Siku kadhaa kabla yake, kurasa zake huwa zimeshazagaa mtandaoni. Mtu hupata nakala kwenye duka linalouza mapema kinyume cha utaratibu, akaipiga picha ukurasa baada ya ukurasa. Kisha vijana wa rika lenu, katika nchi nyingine kabisa, hufuta maneno ya Kijapani kwenye viputo na kuandika tafsiri, usiku kucha, bila ujira. Hapo ndipo moyo unaponiuma. Wanaamini wanawafaa wasomaji wenzao, kumbe mwenye tovuti inayozichapisha kurasa hizo anavuna fedha za matangazo kwa jasho lao, na mchoraji hapati hata yeni moja.

Wala msidhani jina la bandia litawaficha. CODA, chama cha kampuni za burudani za Japani kilichoundwa mwaka 2002, zamani kilishughulika na wauza DVD bandia huko China, Hong Kong na Taiwan. Leo kinatumia mabingwa wa kompyuta kuwabaini wenye tovuti za wizi walio nje ya nchi. Februari 2024 polisi wa Kumamoto waliwakamata wageni wawili waliokuwa wakiishi Tokyo kwa tuhuma za kuvujisha kurasa kabla ya siku yake.

Aliyeendesha Mangamura, tovuti ya manga za wizi, alikamatwa Ufilipino mwaka 2019. Mahakama ya Fukuoka ilimfunga miaka 3 mwaka 2021, na mwaka 2024 mahakama ya Tokyo ikamwamuru awalipe wachapishaji watatu, Kadokawa, Shueisha na Shogakukan, takriban yeni bilioni 1.7. Deni kama hilo mtu huzeeka nalo.

Njia halali ipo. Tangu 2019 Shueisha ina Manga Plus, ambako sura za mwanzo na za karibuni za hadithi nyingi husomwa bure, kwa Kiingereza na lugha nyingine kadhaa. Anzeni huko. Na wewe uliye kwenye kundi la kutafsiri kurasa za wizi, nakusihi mwanangu, jitoe leo, kipaji chako ukakitafutie kazi yenye mkataba.